Drams za Nyuma ya Pazia

Mwanamume wa Kismayu aliyejipamba kuliko wote, kwa ajili ya watu wasiomwona kabisa, alikuwa Ghalib mpiga drams. Kila harusi alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akajitia manukato nyuma ya masikio, akakiweka kiti chake katikati ya ngoma zake zinazong'aa, kisha pazia likashushwa, na shughuli nzima hakuonwa na mtu. Ndiyo desturi. Harusi ya wanawake ni ya wanawake. Wanavua mabuibui, wanafungua nywele, wanacheza watakavyo, na mwanamume akihitajika kwa kazi ya ngoma basi akae nyuma ya pazia, apige, asichungulie. Ghalib hakuwahi kuchungulia. Alikuwa na ila nyingi, lakini hiyo hakuwa nayo.

Ila yake kubwa ilikuwa zile drams zenyewe. Alizinunua Mombasa miaka ya ukimbizini, moja moja, na aliporudi kwao alirudi nazo zote akaacha kitanda. Palikuwa na ngoma kubwa ya mguu, ile ya kukanyagia pedali, ambayo mtoto angeweza kulala ndani yake. Palikuwa na ngoma ya waya, ile ndogo yenye nyaya chini ya ngozi, ngoma za juu, ngoma za sakafuni zenye miguu yake, na matoazi ya shaba yaliyosimamishwa juu ya vyuma virefu. Katika kumbi za hoteli za mjini hapakuwa na neno. Lakini siku hizi watu wamerudisha harusi majumbani, hasa visiwani, ambako uani ni uani tu, na nyuma ya pazia ni pahali pa kuweka mtungi. Kwenye harusi ya mwisho toazi moja la Ghalib lilipenya upande wa pili wa pazia, likamvua shangazi wa bwana harusi nywele zake za bandia mbele ya wakwe.

Hapo ndipo Bi Arafa alipomjia juu. Bi Arafa ndiye mwimbaji na ndiye mwenye kundi, mwanamke mnene wa sauti na mwembamba wa subira, na kwa Kibajuni chake mtu ni mchu na leo ni yeo.

"Ghalib, harusi ijayo ni Chovae, kwa Bi Samiha. Yuwamuoza mwanawe, Safiyya. Nimekiona kighala watakachokutia. Mchu akipiga chafya mle, ukuta wamrudishia."

"Kwani mimi nina mafua?"

"Utapunguza, Ghalib. Vichu vyako viingie bajaji moja pamoja na mimi, na mimi waniona nilivyo. Ukishindwa, Walidi yuko na kinanda chake. Kina ngoma zote ndani, hakili, hakinuni, na kinabebwa kwapani."

Walidi alikuwa kijana wa mjini, mpole, hana kosa. Kosa lilikuwa la kinanda chake, kilichopiga kila wimbo kwa mwendo uleule, bibi harusi awe anaingia au anatoka. Ghalib alikicheka kinanda hicho mbele ya Bi Arafa mpaka mabega yakatikisika. Alipofika nyumbani hakula. Aliogopa, na hofu yenyewe ilikuwa wazi: bila ngoma angekuwa mzee mwingine tu wa bandarini, wa kukaa juu ya gunia na kuwaeleza mabaharia jinsi ya kufunga kamba ambazo wamezifunga tangu utotoni.

Kwa hiyo akaanza kupunguza. Aliichukua ngoma ya sakafuni akaifikisha mlangoni, akaitazama, akairudisha. Akachukua ndogo ya juu, akaifikisha mlangoni, akairudisha vilevile. Mkewe Rawda, aliyekuwa akichambua mchele, alimwangalia akienda na kurudi mpaka akachoka yeye aliyekaa.

"Wazipunguza ama wazitembeza?"

"Hii ina sauti nzito, Rawda. Haina badali."

"Na hiyo?"

"Hiyo ikiondoka, hii itakosa mwenzake."

"Uliponiposa," Rawda alisema, "ulimpa babangu sababu moja tu. Ngoma hizi kila moja naona ina tatu."

Mwisho zilibaki ngoma ya waya, toazi moja, vijiti na ile pedali ya mguu. Ngoma kubwa ikaachwa. Ghalib aliapa mbele ya Bi Arafa kwamba haitatia mguu Chovae, na kiapo hicho alikitunza kwa namna yake. Alfajiri ya siku ya harusi aliifunga ngoma kubwa ndani ya wavu mkuukuu, akaipeleka ufukweni, akampa Zubeiri, nahodha wa boti ya barafu, aitangulize kisiwani kimyakimya. Mpango ulikuwa mzuri. Bi Arafa angeisikia tu ikinguruma nyuma ya pazia, wanawake wangepagawa, na nani anayemgombeza mtu kwa jambo lililokwisha kupendeza?

Zubeiri alipiga simu Ghalib akiwa ndiyo kwanza anashuka Chovae, pindo la kanzu likidondoka maji.

"Waryaa, Ghalib! Dramu lako li salama salimini. Halikupata hata tone."

"Mola akujazi. Liko wapi?"

"Liko hapa nami. Kisiwani Kudhaa."

"Zubeiri, nilikwambia Chovae!"

"Uliniambia. Lakini barafu ilikuwa ya Kudhaa."

Ghalib alifunga simu, akamwangalia Bi Arafa akitembea mbele yake kwenye mchanga kwa furaha ya mtu aliyetiiwa. Angesema nini? Kwamba kilichopotea ni kitu alichoapa kukiacha?

Boti waliyokuja nayo ilikuwa imemleta pia Bi Sumeya, mama wa bwana harusi, pamoja na sanduku la bibi harusi. Hilo ni sanduku la nguo na manukato analotoa mume, na hufunguliwa mwisho wa ngoma, kabla ya Magharibi, mbele ya wanawake wote. Somo, yaani kungwi wa bibi harusi, hutoa kitu kimoja kimoja, hukiinua juu kila mtu akione, na kila kitu hupigiwa vigelegele vyake. Familia husifiwa kwa sanduku kwa miaka, na husutwa kwa sanduku kwa miaka zaidi. Hili la Bi Sumeya lilikuwa jekundu, kubwa, lenye magurudumu ambayo mchanga wa Chovae uliyacheka. Hakutaka mwenyeji yeyote aliguse. Wanawe wawili walilibeba vichwani wakiguna kila hatua, na wanawake wa Chovae wakawaonea huruma. Bi Samiha, mama wa bibi harusi, alilipokea kwa udi, akalifungia kighalani ili macho ya watu yasilitangulie.

Kighalani humo humo, kupitia mlango wa nyuma unaotokea kichochoroni, akaingizwa Ghalib.

Kwa mara moja katika maisha yake Bi Arafa hakuwa ametia chumvi. Palikuwa na magunia ya mchele, masufuria, magodoro yaliyokunjwa, lile sanduku, na nafasi ya mwanamume mmoja asiyepumua sana. Ghalib aliketi juu ya ndoo, akaiweka ngoma ya waya baina ya magoti, akalitundika toazi kwenye msumari wa kufungia kamba ya vitunguu. Mbele yake pazia, na nyuma ya pazia uani umejaa wanawake wa Chovae, wageni wa Kismayu, na watoto wao wakililia juisi. Jua lilikuwa la alasiri.

Bi Arafa akaanza wimbo wa kwanza. Ghalib alipiga ngoma ya waya kwa mikono, na kwa mguu akakanyaga sakafu. Sakafu ilikuwa mchanga. Haikusema kitu.

"Mbona ngoma yeo haina tumbo?" mwanamke mmoja akauliza.

"Si mungalimwita yule wa kinanda?" akajibu mwingine, na wakacheka kama watu watatu.

Bi Arafa alileta mdomo kwenye pazia. "Ghalib, mguu uko wapi?"

"Waja, Bi Arafa. Waja."

Aliifunga pedali mbele ya gunia la mchele, akapiga; gunia likatoa sauti ya punda anayeketi. Akajaribu sufuria; likalia kama soko zima. Likabaki sanduku. Ghalib alilitazama, na sanduku, kwa maoni yake, likamtazama. Sanduku la bibi harusi haliguswi na mtu kabla ya somo, hata mtoto mdogo wa pwani anajua. Lakini kuguswa ni kwa mkono, Ghalib akajiambia, na yeye alikusudia kutumia mguu.

Alilisimamisha wima, akaliegemeza kwenye gunia, akaweka pedali.

Du!

Sauti ilitoka nzito na ya mviringo, ikapita chini ya pazia, ikawaingia wanawake kwenye nyayo. Uani ukapiga ukelele. Bi Arafa akaudaka mwendo palepale, sauti yake ikapanda, na Ghalib akasahau Kudhaa, akasahau Walidi, akapiga mguu kwa raha ya mwizi ambaye nyumba imemfungukia yenyewe. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaanza, na ni katikati ya huo wa pili ndipo kitu kilipomgusa akili.

Sanduku lililojaa nguo haliwezi kulia hivi. Nguo humeza sauti. Yeye mwenyewe nyumbani alikuwa akijaza blanketi ndani ya ngoma kubwa kila jirani alipolalamika. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilikuwa likivuma kuliko ngoma yoyote aliyowahi kuinunua. Wimbo ulipokwisha alilishika mpini, akainua. Likapanda kwa mkono mmoja, bila kuguna.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Aliingia Bi Sumeya, amejitanda leso hadi kidevuni, akakuta mguu wa Ghalib juu ya pedali, na pedali juu ya sanduku.

"Ghalib! Mguu wako uko wapi?"

Ghalib aliuondoa mguu taratibu. "Na nguo zako ziko wapi, Bi Sumeya?"

Bi Sumeya akaketi juu ya gunia la mchele kama mtu aliyekatwa kamba.

"Ni huyu mwanangu, Adnani," alinong'ona. "Fedha za sanduku amenunulia mashine ya boti. Wamekubaliana kwenye simu, yeye na Safiyya. Safiyya ndiye aliyemtia maneno! Ati nguo hazivui samaki. Nami nishawaambia wachu wa Kismayu sanduku laja. Ningerudi na uso gani?"

"Sasa mle mna nini?"

"Dera mbili. Jozi ya leso. Na mto."

"Mto?"

"Wa kulalia. Visitembee-tembee."

"Na wale vijana waliokuwa wakiguna?"

"Niliwafundisha kuguna."

Ghalib alijiziba mdomo kwa kofia. Alicheka mpaka machozi, na Bi Sumeya, masikini, aliyekuwa amekuja kuona kama sanduku linaweza kuibwa na watu wakaamini, akaanza kutikisika naye. Halafu akajikaza.

"Ukifungua kinywa, nitasema ulikuwa ukilipiga mateke sanduku la bibi harusi."

"Na ukisema hivyo, nitaeleza kwa nini lililia vizuri."

Hapakuwa na haja ya kuapishana.

"Sikiza," alisema Bi Sumeya. "Ikipigwa adhana ya Magharibi na sanduku halijafunguliwa, basi. Wachu wataswali, boti yetu yaondoka na maji, na Safiyya atalifungua chumbani mwake, peke yake. Wewe usinyamaze tu. Ukinyamaza, Samiha ataliita."

Akatoka, na Ghalib akabaki na kazi. Jua lilikuwa bado juu. Alikuwa na ngoma moja, toazi moja na siri moja, na kwa vitu hivyo ilimlazimu kuwashika wanawake wa kisiwa kimoja na mji mmoja wasikae chini. Wangechoka, sanduku lingefunguliwa, Bi Sumeya angemtupia yeye lawama yote, na kesho yake Walidi angekuwa anafuta vumbi kwenye kinanda.

Akapiga. Kwanza alipiga kama alivyozoea, kwa nguvu, na akaona nguvu zinakwisha upesi kwa kuwa hakuna ngoma ya kupokezana nayo. Basi akaanza kutafuta. Akapiga ukingo wa ngoma badala ya ngozi. Akapiga kwa vidole, akapiga kwa kiganja, akalikwaruza toazi kwa kijiti likatoa sauti ya mchele ukimwagwa. Baina ya pigo na pigo akaacha pengo, na katika pengo hilo akasikia kitu ambacho miaka yote hakuwa amekisikia: miguu ya wanawake. Ilikuwa ikimjibu. Akiuliza kwa mguu mara moja, wanajibu kwa mara mbili. Akichelewa kusudi, wanamngoja, kisha wanamcheka kwa visigino. Siku zote walikuwa wakimjibu hivi, na yeye alikuwa akiwafunika kwa matoazi yake manne. Aliona haya. Papo hapo akafurahi, furaha ya kijinga, akajikuta anatabasamu peke yake juu ya ndoo.

"Haya Ghalib, tulia sasa," sauti ya Bi Samiha ilisema karibu na pazia. "Tufungue sanduku."

Ghalib akaanzisha mwendo wa vugo, ngoma ya harusi isiyomwacha mwanamke amekaa.

"Bado, Bi Samiha! Bado!" wanawake wakapiga kelele, na sauti iliyokuwa juu kuliko zote ilikuwa ya Bi Sumeya.

Ukaisha huo. Bi Samiha akaja tena, akaanza, "Sanduku la..." Ghalib akabadilisha mwendo kabla hajamaliza. Bi Arafa, aliyekuwa akitafuta pumzi na maji, akaleta mdomo penye pazia.

"Ghalib, waniua!"

"Imba, Bi Arafa."

"Nyimbo zimekwisha!"

"Zirudie. Wamezisahau."

Mara ya tatu Bi Samiha hakusema kitu. Mkono wake, umejaa hina mpaka kwenye kifundo, uliingia chini ya pazia, ukapapasa mchanga, ukalipata sanduku, ukashika mpini. Ukavuta. Ghalib alilikandamiza kwa goti la kushoto huku mguu wa kulia ukiendelea kupiga. Mkono ukavuta zaidi. Sanduku likaanza kuteleza, na pedali ikalifuata, na ndoo ikaifuata pedali, na Ghalib akaifuata ndoo, bado anapiga, pua yake ikiwa imebakiza kiganja kimoja kugusa pazia. Akayafumba macho, maana ila hiyo hakuwa tayari kuianza uzeeni.

Ghafla uani ukanyamaza, ila kitu kimoja. Njuga za miguu. Zilikuwa zikija taratibu kutoka ule upande wa jukwaa, ambako bibi harusi hukaa ameinamisha macho, hacheki, hazungumzi, wala hanyanyuki, mpaka ashikwe mkono.

"Bibi harusi kainuka!" mtu akapiga yowe.

Mkono wa hina ukauachia mpini. "Safiyya! Keti, mwanangu! Wachu watasemaje?"

Watu hawakusema. Walipiga vigelegele mpaka kuku wakapanda ukuta. Ghalib, aliyefumba macho nyuma ya pazia, alizifuata zile njuga hatua kwa hatua, akazipa nafasi, akazipigia polepole zilipotaka polepole, na zilipoharakisha akawa tayari amefika. Hakuwahi kupiga vizuri hivyo. Alilijua hilo huku likitendeka. Safiyya alicheza, shangazi zake wakamfuata, wakwe wakamfuata, na mwisho ikasikika sauti ya Bi Samiha mwenyewe akihema na kucheka ndani ya duara, hana habari tena na masanduku.

Adhana ikapigwa.

Ghalib aliviweka vijiti chini palepale. Uani ukajaa mchakacho wa mabuibui yakivaliwa. Bi Sumeya hakungoja mtu ampe zamu.

"Wakati ushapita, ndugu zangu, nasi maji yatungoja. Sanduku atalifungua Safiyya mwenyewe chumbani mwake, kwa nafasi."

"Bila kuliona?" mmoja akanung'unika.

"Nishalisikia, mamangu," alisema Safiyya, bado anahema. "Lanitosha."

Wanawake wakamsifu kwa adabu yake. Nyuma ya pazia, Ghalib alibana kofia kwenye mdomo mpaka hatari ikapita.

Walipokwisha kuswali, na kila aliyebaki amejifunika, Bi Arafa alilisogeza pazia aone lile lililomkausha koo. Aliiona ngoma ya waya. Aliliona toazi juu ya msumari wa vitunguu. Aliiona pedali, na mbele ya pedali sanduku jekundu lenye alama ya duara iliyochubuka. Aliliangalia sana. Kisha akatoa simu ndani ya buibui, akampigia Walidi, akamwambia harusi za visiwani asijisumbue nazo tena. Akairudisha simu.

"Sitauliza hilo sanduku," alisema, sauti imebaki nusu. "Nauliza jengine. Miaka yote wanipigia na lori zima la ngoma, na hukupiga hivi hata siku moja. Kwa nini?"

Ghalib alikuwa na uongo wa aina tatu tayari. Lakini mguu ulimuuma, na hakuwa na nguvu ya kuchagua.

"Miaka yote nilikuwa naringa, Bi Arafa. Yeo niliogopa."

Bi Arafa akamtazama juu hadi chini, mzee wa kanzu iliyolowa jasho juu ya ndoo ya watu.

"Haya," alisema. "Basi kila harusi tutakutisha."